Mfereji wa Wainka na Jibu la Khalfan

Shariffa, Rahma na Bi Moza, mmeniuliza kwenye simu, mmeniuliza asubuhi tukitembea ufukweni Azaiba, na juzi mkamtuma mpaka yule anayeleta mitungi ya gesi aniulize na yeye. Haya, nimekaa chini. Nawaandikieni mara moja, muisome, mpitishiane, mniache nipumue. Habari za viza na tiketi nimeziruka, maana hazina raha kwa anayeandika wala kwa anayesoma.

Kisa cha kuondoka mnakijua, lakini najua Shariffa atawasomea wajukuu zake, kwa hiyo nitakieleza. Baba mkwe wangu alipofariki mwaka jana, watu wa kijijini kwao walimtaka mume wangu, Khalfan, ashike nafasi yake ya wakili wa falaj. Falaj ni mfereji wa kale unaotoa maji chini ya mlima na kuyapitisha kwenye mashamba ya mitende. Wakili wake si wa mahakamani. Ndiye anayegawa zamu za maji, anayesimamia ufukuaji, anayesuluhisha majirani wakigombana. Kazi hiyo haifanywi kwa simu, lazima mtu akae pale pale. Na pale pale ni mwendo wa saa mbili kutoka hapa, ndani kwenye mabonde, ambako hakuna bahari na hakuna nyinyi.

Mimi nimezaliwa Unguja, nikaletwa Maskati nina umri wa miaka saba, na maisha yangu yote sijakaa mbali na bahari zaidi ya wiki mbili. Nikamwambia wazi, "Ukenda, unakwenda peke yako." Akanyamaza. Alinyamaza miezi minane, na mtu akikunyamazia miezi minane ndani ya nyumba moja, utatamani bora akutukane.

Mwishowe tukapatana. Mimi nichague nchi moja, mbali nitakavyo, twende tukatembee. Tukirudi, awaambie wazee wa kijiji hapana, na mimi nisiisikie habari ile tena. Nikaongeza sharti: safari nzima, neno falaj lisitajwe. Nikachagua Peru kwa sababu kwenye ramani ilikuwa ng'ambo ya pili ya dunia, na kwa sababu nilipokuwa nikisomesha, ukutani darasani kwangu palikuwa na picha ya magofu ya Wainka, watawala wa kale wa nchi ile. Magofu, nilidhani, ni mawe makavu.

Maskati hadi São Paulo

Khalfan alibeba kilo tatu za tende na thermosi ya kahawa. Kahawa ikaishia uwanja wa ndege wa hapa hapa, mikononi mwa askari wa ukaguzi, na yeye akaomboleza mpaka Doha. Kutoka Doha hadi São Paulo ni saa kumi na tano. Miguu yangu ilivimba mpaka viatu vikanikataa, nikashuka Brazili na soksi kama anayeingia msikitini.

Pale São Paulo ndege yetu ya Lima iliahirishwa mara tatu. Tulikaa mchana kutwa kwenye viti vya chuma, karibu na bibi mmoja wa Lima, jina lake Hortensia, aliyekuwa ametoka kuwaona wajukuu. Hatukuwa na lugha moja hata ya kuazima. Alitoa mfuko wa ndizi zilizokatwa nyembamba zikakaangwa zikakauka, nikapiga mayowe ya furaha, maana ni zile zile za kwetu, chumvi ile ile. Khalfan naye akatoa tende. Bi Hortensia alikula tende saba, kokwa zote akazifunga kwenye leso, akatuonyesha kwa mikono kwamba atazipanda nyumbani kwake.

Basi Khalfan akachangamka. Akaanza kumfundisha kwa ishara: unachimba hivi, unafukia hivi. Akafika kwenye maji. Mikono ikabaki hewani, akanitazama mimi, akaitia mifukoni. Mtu hawezi kueleza mtende unavyonyweshwa bila kufika kule tulikokatazana. Nilicheka mpaka Bi Hortensia naye akacheka bila kujua kinachochekesha. Nilimwonea huruma kidogo, lakini sikumlegezea.

Cusco, mahali pa kukosa pumzi

Cusco iko juu kuliko kilele cha Jebel Shams, mlima wetu mrefu kuliko yote Oman, na watu wamejenga mji mzima pale, na masoko, na makanisa, na vichochoro vya mawe vya kupanda tu. Sijui vya kushuka wameviweka wapi. Siku ya kwanza Khalfan alipanda ngazi kumi na mbili za hoteli akakaa kwenye ya kumi na tatu. Nikamcheka, nikamwambia amezeeka. Saa moja baadaye mimi nilikuwa kitandani, kichwa kinagonga, namwomba anisamehe nilichomkosea na nisichomkosea.

Mwenye hoteli akaleta chai ya majani ya koka, akasema ndiyo dawa ya mlima. Khalfan akataka tuulize kwanza kama ni halali. Akampigia simu binti yetu Asma, yuko Khuwair ya Kusini, aulize kwa mtu anayejua. Asma akasema sawa, baba, subirini. Nilikunywa kabla jibu halijafika. Ina ladha ya majani makavu yaliyolowa mvua, na ilinisimamisha. Jibu lilipokuja lilikuwa kwamba mgonjwa ana ruhusa yake, na mimi nikajitangaza mgonjwa mpaka siku ya kuondoka.

Lakini mji ule, jamani. Kuna kuta za Wainka katikati ya barabara, jiwe limekaa juu ya jiwe bila saruji, na hata kisu cha kumenyea huwezi kukipenyeza katikati. Niliupapasa ukuta mmoja kwa kiganja, nikaona haya. Mimi fundi amenijengea jiko Azaiba, na vigae vimeshaanza kuachana.

Bonde la kusini, mkate kwanza

Siku ya nne tulijiunga na msafara wa siku moja, watu saba kwenye gari dogo, kwenda kuona magofu ya bonde la kusini mwa mji. Kiongozi wetu alikuwa Yesika, msichana wa milimani mwenye nywele za kusuka na kofia ya mviringo, ambaye alituita sote "familia" kuanzia dakika ya kwanza. Nyuma yetu alikaa Renato, daktari wa meno kutoka Brazili, aliyekuwa anakula kila kitu kitamu kilichopita mbele yake.

Hatukuondoka. Shule moja ilikuwa na maandamano, ngoma na matarumbeta, na barabara ilifungwa saa nzima. Dereva alizima gari, akashuka, akaenda kutazama. Yesika naye akatuambia, "Familia, tushukeni tu," na tukashangilia watoto tusiowajua. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda nchi ile. Hakuna aliyepiga honi.

Tukapita mji wa waokaji, wanauza mkate mtamu mkubwa kama sinia la watu wawili. Tukaula ndani ya gari kwa mikono. Yesika aligawa pia maji ya mahindi ya zambarau, lakini kabla ya kunywa alishuka, akamwaga tone chini. Renato akauliza kwa nini. Yesika akasema ardhi hunywa kwanza. Halafu akasimulia kijijini kwao: kila mwaka, kabla ya kupanda, watu wote huamka wakaenda kufukua mfereji wa maji, kutoka chini mpaka chemchemi, na wapiga filimbi nyuma yao. Asiyekwenda, hata kama ni tajiri, mwaka ule hasemi neno mkutanoni.

Khalfan alikuwa dirishani. Niliona sikio lake likiwa jekundu.

"Hata..." akaanza.

"Baba Asma," nikasema.

"Sijasema kitu, mama. Nnakohoa tu."

Mahali nisipopataja

Jina la gofu lenyewe sitalitaja, na mtaelewa sababu. Unapanda njia ya vumbi, unapumzika mara nne, unadhani utakuta mawe makavu ya kwenye picha. Nilipofika juu nikasikia maji.

Ni ngazi za mashamba, kubwa, kumi na zaidi, zimejengwa kwa mawe kama ngazi za majitu, na kila ngazi ni nyasi kijani. Na katikati, na pembeni, na ndani ya kuta, maji yanakwenda. Mfereji mmoja mwembamba wa mawe unakuja, unagawika mara mbili, hiyo miwili inagawika tena, na maji yanaanguka kwa michirizi minne iliyo sawa sawa. Yesika akasema yanakwenda hivyo kwa zaidi ya miaka mia tano. Waliojenga wamekufa, ufalme wao umekufa, na maji hayana habari. Watu wakapiga picha. Khalfan hakupiga. Aliokota vipande vinne vya nyasi, akavidondosha kimoja kila mchirizi, akavitazama vikishuka. Vilifika pamoja. Akainama akanawa uso, na mimi nikajifanya natafuta miwani yangu.

Kundi likaendelea kupanda. Juu kidogo, pembeni, bonge la udongo na nyasi lilikuwa limeporomoka kutoka ukingoni likaziba mfereji mdogo, na maji yakawa yanafurika juu ya ukuta.

"Mama Asma," akasema Khalfan kwa sauti ya chini, "yale maji yanaula ukuta."

"Yana wenyewe. Twende."

"Wenyewe hawapo."

Niwaambieni kitu kuhusu watu wa kwao. Kule mtu akipita penye maji yanayopotea akayaacha, huhesabiwa sawa na aliyeyaiba. Haijalishi ana haraka, ni mgeni, au amevaa nguo za harusi. Mimi nilikuwa nikilijua hilo tangu nilipoolewa, na bado niligeuka nikampigia Renato picha. Nilipotazama tena, mume wangu alikuwa amevua viatu, amekunja suruali mpaka magotini, kofia yake ya Kiomani kichwani, na amesimama ndani ya mfereji wa Wainka akifukua tope kwa mikono miwili.

Filimbi ikalia. Mlinzi alishuka mbio, mwanamume mfupi wa makamo, mwekundu kwa hasira, akipiga kelele kwa Kispanishi. Lugha siijui, lakini kidole chake kilikuwa kimeelekea langoni, kwa sisi wote saba. Yesika alikuja anahema. Mahali kama pale hairuhusiwi mgeni kugusa hata kokoto, alikuwa ametuambia asubuhi, na sasa mgeni wake yumo ndani mpaka magotini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Toka, bwana, toka!" nikampigia kelele. "Unatufedhehesha!"

"Nnamaliza," akasema, wala hakuinua kichwa. Mtu mpole yule! Miaka thelathini alifanya kazi Bandari ya Sultan Qaboos, hajawahi kubishana na mtu wa gatini.

Yesika akaacha Kispanishi, akamwomba mlinzi kwa Kikechua, lugha ya kwao. Mlinzi akawa anajibu huku anatazama chini, na taratibu sauti ikapungua. Akainama. Khalfan hakuwa amesogeza jiwe hata moja. Tope alikuwa amelilaza ukingo wa chini, si wa juu ambako lingerudi na mvua, na lile bonge la nyasi alikuwa amelirudisha mahali lilipotoka, mizizi chini, akalishindilia kwa kisigino. Mlinzi akalikanyaga na yeye kulijaribu. Halikutikisika.

Ndipo akaanza kuuliza. Alisema kwa Kikechua, Yesika akanipa kwa Kiingereza, mimi nikampa Khalfan kwa Kiswahili, na jibu likarudi njia ile ile.

"Anauliza nani kakufundisha."

"Baba."

"Anauliza, mzee yu hai?"

"Kafariki. Mwambie mwaka umepita."

Mlinzi akasema tena, na mara hii Yesika alisita kabla ya kunigeukia. "Anauliza, sasa maji yenu anayaangalia nani?"

Ningeweza kutia chumvi. Ningeweza kusema yuko binamu, wako vijana. Nikamwuliza Khalfan kama nilivyoulizwa. Hakunitazama mimi. Aliyatazama maji.

"Mwambie hayana mtu."

Nilisomesha Kiingereza miaka ishirini na nane, na sijapata kutamka sentensi nzito kama ile. Ilibidi itoke kwenye kinywa changu mimi. Maji yao hayana mtu. Yesika akaipeleka. Mlinzi aliisikiliza, akavua kofia yake ya sufu, akaishika kifuani, akamwambia Khalfan maneno machache.

"Anakupeni pole," akasema Yesika.

"Pole ya baba yake?"

Akamwuliza. "Hapana," akanijibu. "Ya maji."

Halafu yule mlinzi akavua viatu, akaingia na yeye. Walifanya kazi karibu saa nzima, bila neno, huyu anachota, huyu analaza, huku Yesika akiwapeleka wengine kuona makaburi ya juu. Mimi nilikaa kwenye jiwe. Kwa miezi minane sikuwa nimeuona uso ule wa mume wangu. Ulikuwa uso wa kijana niliyemwoa... ama aliyenioa, mnajua ninavyosema. Niliona wivu. Nasema kweli mbele ya Mungu, niliyaonea wivu maji.

Maji yalipofunguka yakapita na kelele ndogo. Mlinzi akampa Khalfan mkono, kisha kupitia kwa Yesika akatuomba tusiseme tulikuwa wapi, maana naye ana wakubwa wake. Ndiyo maana sitaji.

Mahindi, na njia ya kurudi

Mji wa jirani ni maarufu kwa panya fulani wa kufugwa, wanamchoma mzima na meno yake. Renato alikula mmoja akasema hata meno ni mazuri, na yeye ndiye anayejua. Sisi tulikula samaki wa mtoni na mahindi ya kuchemsha, punje moja kama jino la ngamia, na kipande cha jibini. Khalfan alikula mahindi matatu. Vidole vyake bado vilikuwa na tope kwenye kucha na hakutaka kuvisugua.

Nilisubiri avunje sharti. Nilikuwa tayari, maneno yangu nimeyapanga, nimkasirikie vizuri. Hakulivunja. Kwenye gari hakutaja, Cusco hakutaja, Lima hakutaja, na kwenye zile saa kumi na tano za angani alilala au alifanya kama amelala. Nilimtazama amefumba macho nikajua kwamba ataitimiza ahadi yake mpaka herufi ya mwisho, na kwamba mimi ndiye niliyeiomba.

Azaiba, siku ya Ijumaa

Wazee watatu walikuja baada ya sala ya Ijumaa, wametoka kijijini asubuhi. Mkubwa wao ni Mzee Hamed, anayehesabu zamu za maji kwa kupima kivuli cha jua na ambaye macho yameanza kumwacha. Niliweka tende, halwa, na dele la kahawa, nikamimina mwenyewe. Mazungumzo yalikuwa ya Kiarabu, nawapeni kwa lugha yetu.

Khalfan alijibu kama tulivyopatana, ila hakunitaja hata kwa mbali. "Nisameheni," akasema. "Miguu yangu haina nguvu tena. Nimeshakuwa mtu wa mjini. Tafuteni mwengine."

Wazee hawakubishana. Hiyo ndiyo adabu yao, na ndiyo iliyoniumiza. Mzee Hamed alisema, "Tumekuelewa, mwanangu," akanyoosha mkono na kutikisa kikombe chake kitupu, kulia na kushoto. Mnajua maana yake: nimeshiba, ahsante, tunaondoka. Kikombe kikishatikiswa hakimiminiwi tena. Hata mtoto anajua.

Nilisimama pale na dele mkononi, nikaiwaza bahari. Nikawawaza nyinyi watatu na viatu vyenu vya kutembelea na umbeya wenu wa saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu ninawapenda na sijui kule nitacheka na nani. Halafu nikakichukua kikombe cha Mzee Hamed mkononi mwake, nikakimiminia mpaka nusu, nikamrudishia.

Khalfan akageuka.

"Miguu yake mizima," nikasema. "Imesimama saa nzima ndani ya maji ya baridi, mimi nimeiona. Anasema hivyo kunisitiri mimi. Mimi ndiye niliyekataa, na leo nimekubali. Tunakuja, na tunakuja wawili."

Machozi yalikuwa yakimtoka Khalfan mbele ya wageni na hakuyafuta.

Mzee Hamed alikitazama kikombe kwa muda mrefu, akipapasa ukingo wake kwa kidole gumba kama anayetaka kuhakikisha kina kahawa kweli. Kisha akakinywa.